Jiandae Kabla ya Bonasi: Mwongozo kwa Wenye Biashara wa Kericho na Bomet

Mwenye duka wa Nairobi hujihadhari Desemba. Wewe wa Litein, Kapkatet, Silibwet au Mogogosiek ukisubiri Desemba umechelewa, kwa sababu huku kwenye majani chai pesa nyingi za mwaka huingia Oktoba. Viwanda vya chai vilivyo chini ya shirika la KTDA hufunga hesabu za mwaka tarehe 30 Juni. Hesabu zikishakaguliwa, kila kiwanda hutangaza kiwango chake cha bonasi, yaani malipo ya mwisho wa mwaka, kwa kilo, kisha pesa huingia kwenye akaunti za wakulima. Kiwango hicho husomwa redioni na kujadiliwa sokoni, kwenye matatu na nje ya kanisa. Mkulima hulisikia tangazo hilo, muuza mabati hulisikia, na mwizi naye hulisikia.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la rejareja, agroveti, duka la vifaa vya ujenzi, wakala wa M-Pesa, mwenye hoteli ndogo, na yeyote anayefunga mlango wake jioni bila kampuni kubwa ya kumlinda. Mashamba makubwa yana malango, magari na walinzi wao. Wewe huna hivyo vyote, lakini unaujua msimu unakuja lini, na hilo ni jambo kubwa ukilitumia mapema.

Chukua karatasi uandike kalenda ya biashara yako kama ilivyo mahali pako. Oktoba na Novemba ni bonasi. Mteja aliyekuwa akichukua unga, sukari na dawa ya ng'ombe kwa deni tangu Februari anakuja kulipa. Mwingine anataka mabati, tangi la maji au godoro. Droo iliyokuwa ikifunga siku na maelfu machache sasa inafunga na makumi ya maelfu, na stoo imejaa kwa sababu uliagiza ukijua wanunuzi watakuja. Desemba shule zimefungwa, watu wa mjini wamerudi nyumbani, vijana wanatoka jandoni na kila boma lina sherehe. Wewe mwenyewe unaalikwa, na duka linakaa siku tatu bila mtu kulitupia jicho. Januari pesa hukimbilia ada, sare na vitabu, kwa hiyo anayeviuza ndiye hutazamwa. Machi hadi Mei mvua ndefu hunyesha, na baadhi ya viwanda hulipa bonasi ndogo katikati ya mwaka. Kisha kuna ile kalenda inayorudi kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na hapa kwetu hakuna aliyekuwa na duka wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 anayehitaji kuelezwa kwa nini tarehe hiyo iandikwe.

Usidhani bonasi ikiwa ndogo ndipo utalala usingizi. Mwaka 2025 viwanda vingi vya magharibi ya Bonde la Ufa vilitangaza viwango vya chini sana kuliko vile vya mashariki, na wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika hadharani. Mwaka wa namna hiyo madeni hayalipwi yote, na mwenye duka aliyejaza stoo kwa mkopo anabaki kuilinda mali hiyo hadi Januari au zaidi, akiwa na pesa kidogo ya kumlipa mlinzi. Kwa hiyo usiagize kwa matumaini. Subiri kiwango cha kiwanda chenu kitangazwe, ndipo upige simu kwa msambazaji, na umwombe alete kwa awamu mbili au tatu badala ya lori moja.

Hapo tayari tumegusa ushauri ninaouamini kuliko wote: punguza kinachoweza kuibwa kabla hujaongeza kufuli. Miaka ya 1980 mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa ukisumbuliwa mno na wavunja nyumba. Watafiti walipochunguza waliona kwamba nyumba nyingi zilikuwa na mita za umeme na gesi za kulipia kwa sarafu, yaani kila sebule ilikuwa na kisanduku cha pesa ukutani. Mita hizo zikaondolewa katika nyumba zilizovunjwa, milango na madirisha yakaimarishwa, na majirani wachache wa karibu wakaombwa wawe macho. Katika muda wa miaka michache uvunjaji ulishuka kwa zaidi ya nusu.

Kisanduku chako wewe ni droo ya duka. Jiwekee kiwango cha noti ambacho hakipaswi kupitwa, kiasi ambacho kikiibwa leo utaumia lakini kesho utafungua. Kikifikiwa, hata kama ni saa tano asubuhi, pesa zitoke. Msimu wa bonasi unakurahisishia jambo hili, kwa sababu wakati wewe umejaa noti, wakala wa M-Pesa wa jirani anazihitaji kuwapa wakulima wanaotoa. Weka pesa kwake mara kadhaa kwa siku, kidogo kidogo, kisha jioni uzihamishie benki au Sacco. Kumbuka tu kwamba akaunti ya M-Pesa hubeba hadi shilingi 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000. Ukifika kikomo mchana wa siku ya soko utakwama, kwa hiyo hamisha mapema. Wanachama wa Imarisha, Ndege Chai au Simba Chai wana tawi la kupelekea, lakini mpelekaji asitoke saa ile ile kila siku, asitumie boda boda yule yule, wala asibebe mkoba ambao kila mtu stendi anaujua.

Mteja wa mabati au wa pikipiki mwambie alipe kwa till au moja kwa moja benki. Wengi watakubali, maana nao wanaogopa kutembea na noti kutoka mjini. Usihesabu pesa mbele ya wateja, na usihesabu mlango ukiwa wazi. Usiku droo iachwe tupu na wazi, ionekane tupu hata kwa anayechungulia dirishani, ili asivunje kaunta yako kutafuta kisichokuwemo.

Kuna wizi usiovunja chochote, na huo ndio huchukua pesa nyingi kimyakimya wakati foleni ni ndefu. Mtu anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa. Usisome simu ya mteja, soma ya kwako, na uangalie salio kama una shaka, kwa sababu ujumbe wa kubuni huandikwa kufanana na wa kweli na hutumwa kutoka namba ya kawaida. Tumia till badala ya namba yako binafsi. Wapo wanaotuma kwenye namba ya mtu, wanachukua bidhaa, kisha wanaomba pesa zirudishwe wakidai walikosea. Anayepiga simu akijiita Safaricom na kuomba namba ya siri ni tapeli, hata akikutaja jina lako na la kijiji chako. Kampuni hupiga kwa 0722 000 000 na haiulizi namba ya siri. Namba ya tapeli itume kwa 333, bila malipo. Mfundishe msichana au kijana anayekusaidia kaunta mambo haya kabla ya Oktoba, si siku ambayo watu ishirini wamepanga mstari na mvua inaingia mlangoni.

Noti bandia hupenda giza na haraka. Huja jioni, mara nyingi noti ya shilingi 1,000 kununulia kitu cha shilingi 50, na wakati mwingine aliyeishika ni mtoto aliyetumwa. Noti halali zilizoanza kutumika 2019 ukiziinua kwenye mwanga zina kichwa cha simba na chini yake herufi CBK pamoja na thamani ya noti. Toleo lililotangazwa na Benki Kuu Agosti 2024 lina uzi wa usalama unaobadilika rangi ukiigeuza. Zote ni halali, ya 2019 na ya 2024, kwa hiyo usimkatalie mteja kwa sababu tu noti yake haifanani na ya jirani. Ukigundua umeshapokea bandia, usijaribu kumpa mwingine. Ukiitoa ukijua ni bandia, mhalifu ni wewe. Ipeleke benki au polisi na uikubali hasara.

Sasa jengo. Maduka mengi ya senta zetu yana uso wa mawe na mlango mzito wa chuma, lakini ukizunguka nyuma unakuta mbao au bati lililopigwa misumari. Mwizi huzunguka nyuma. Matone makubwa yakianguka juu ya mabati wakati wa mvua ya Kericho, sauti ya bati kung'olewa haisikiki hata na mtu aliyelala chumba cha pili. Udhaifu mbaya zaidi hauonekani kutoka nje kabisa: katika safu ya vyumba vya kupanga, ukuta kati ya duka na duka mara nyingi huishia kwenye dari na haufiki bati. Mtu hukodisha au huvunja chumba kitupu cha mwisho, hupanda darini, na kutembea hadi juu ya duka analolitaka. Panda ngazi uangalie mwenyewe. Kama ukuta haufiki juu, mwombe mwenye nyumba aujaze kwa mawe au tofali, au muelewane akukate kodi ujaze wewe. Akikataa vyote viwili, fundi wa kuchomelea akuwekee wavu wa chuma chini ya dari. Gharama hiyo ni ndogo kuliko simu chache za kisasa.

Bawaba za mlango zisiwe nje zinakoweza kukatwa. Kufuli lifunikwe na kisanduku cha chuma ili jino lake lisifikiwe na mkasi. Mitungi ya gesi isibaki nje usiku, hata kwenye kizimba, na mitungi, pikipiki za maonyesho na vitu vizito vipitishiwe mnyororo mmoja uliofungwa sakafuni. Andika namba za mfululizo za kila simu, redio na betri unayouza. Bila namba hizo polisi wakipata mali yako hutaweza kuthibitisha ni yako.

Taa ya sola yenye kihisi ni nzuri, lakini nchi yetu ya chai ina mawingu mengi, na miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti betri nyingi hazijai. Nenda dukani saa tisa ya usiku mara moja uone kama inawaka. Kamera nayo isitegemee umeme wa Kenya Power peke yake. Nchi nzima ilikaa gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na huku kwetu hatuhitaji giza la nchi nzima, mti mmoja ukianguka kwenye waya unatosha. Weka betri ya akiba, na kinasa picha kifichwe chumba kingine, maana mwizi mwenye uzoefu huondoka nacho. Kamera moja iwe mlangoni usawa wa uso, kwa sababu ile ya juu darini itakupa picha safi ya kofia. Ukiweka kamera, bandika tangazo linaloonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka watu wajue wanarekodiwa, na tangazo lenyewe humfanya mwizi afikiri mara mbili.

Kuhusu mlinzi nina maoni makali. Tunamweka mzee wa miaka sitini na rungu, tunampa malipo ya aibu, hana koti la mvua, hana choo, kisha duka likivunjwa tunamshuku yeye wa kwanza. Mlinzi asiye na gambuti hatazunguka nyuma ya jengo mvua ikinyesha, na nyuma ya jengo ndiko kunakovunjwa. Maduka matano au sita yakichangiana yanaweza kuwalipa watu wawili vizuri, wapokezane. Kama unatumia kampuni, iulize cheti chake; Sheria ya Kudhibiti Huduma za Kibinafsi za Ulinzi ya 2016 inataka kampuni na walinzi wasajiliwe na mamlaka ya PSRA. Na umwambie mlinzi wazi kwamba hukumwajiri apigane na watu wenye panga. Kazi yake ni kuona mapema, kupuliza filimbi na kupiga simu. Simu yake iwe na chaji na salio, na namba za kituo cha polisi, za chifu na za wenye maduka zibandikwe mahali anapokaa.

Wasaidizi wa msimu wanahitaji uangalifu pia, lakini uangalifu wa haki. Ukimwongeza mtu Oktoba, baki na nakala ya kitambulisho chake na umjue anayemdhamini. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayefunga hesabu. Hesabu bidhaa za bei ya juu kila jioni mkiwa wawili, mtie sahihi nyote. Mpango wa namna hiyo humlinda mfanyakazi mwaminifu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hasara ikitokea anaonyesha daftari. Na mlipe tarehe mliyokubaliana. Kijana anayehesabu laki za wengine huku mshahara wake wa Septemba haujaja amewekwa kwenye jaribu ambalo wewe tajiri wake ungeweza kuliondoa.

Mali ya wizi haina faida bila mnunuzi, na mnunuzi mara nyingi ni mfanyabiashara mwenzetu. Mbolea ya wakulima ikifika, magunia ya kilo 50 hulala kwenye vituo vya majani na kwenye maghala, na mengine huishia kwenye kaunta za agroveti kwa bei isiyoeleweka. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu ya transfoma na nyaya zilizokuwa zikiharibiwa, na wafanyabiashara halali waliumia pamoja na wezi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayepokea mali ya wizi akijua, kifungo cha hadi miaka 14. Mtu akikuletea bidhaa usiku, bila risiti, kwa nusu ya bei, mkatalie. Ukinunua, umempa sababu ya kurudi kuvunja duka la jirani yako, na siku nyingine lako.

Bima isome kabla ya kutia sahihi, na umwombe wakala akuonyeshe mistari mitatu. Wa kwanza ni wa wizi: sera nyingi hulipa tu pakiwa na dalili za kuvunja, kwa hiyo mali iliyotoweka stoo mlango ukiwa mzima haitalipwa mpaka uwe na bima ya udanganyifu wa wafanyakazi. Wa pili ni wa ghasia. Bima ya kawaida ya moto na wizi huacha nje hasara za vurugu za kisiasa, na baada ya maandamano ya 2024 na 2025 wafanyabiashara wengi katika miji ya Kenya walilijua hilo wakiwa wamesimama mbele ya rafu tupu. Omba nyongeza ya vurugu za kisiasa, na uiombe mapema, si wiki ya uchaguzi. Wa tatu ni thamani. Ukikadiria mali kwa hesabu ya Juni wakati stoo ya Oktoba ni mara tatu, fidia itakatwa kwa uwiano huo. Na ulipe kwanza, kwa kuwa sheria ya bima ya Kenya haitambui ulinzi ambao ada yake haijalipwa.

Ukivunjiwa, usiingie kufagia. Simama nje, piga 999 au 112, zuia watu wasikanyage, piga picha. Andikisha kituoni upewe namba ya kitabu cha matukio (OB), ambayo hailipiwi, kisha mjulishe wa bima siku hiyo hiyo. Kama una habari unazoogopa kuzitoa ukijulikana, laini ya wapelelezi wa DCI ya 0800 722 203 hupokea bila malipo. Kisha tengeneza pale palipovunjwa kabla ya usiku kuingia. Hili linapuuzwa sana. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba jengo lililovunjwa mara moja lina hatari kubwa ya kuvunjwa tena katika wiki zinazofuata, mara nyingi na watu wale wale, kwa njia ile ile, wakijua umeshajaza rafu upya. Majirani nao waambiwe palipopitiwa ili wakague kwao.

Majirani ndio ulinzi wa bei nafuu tulio nao. Kabla ya mpango wa majirani kulindana wa Nyumba Kumi kuletwa na serikali mwaka 2013, Wakipsigis walikuwa na kokwet, ambako mambo ya kijiji hukaliwa chini na kusemwa. Wenye maduka wa senta moja wafanye kikao cha namna hiyo mwishoni mwa Agosti, wamwite chifu na mkuu wa kituo, wakubaliane nani anafunga lini, nani ana sherehe lini, na nani atapita kuangalia duka la aliyesafiri. Kundi la WhatsApp liwe la taarifa: pikipiki gani imeonekana, saa ngapi, imeelekea wapi. Lisiwe la kutaja kabila. Mashamba ya chai ya huku yamejengwa na wafanyakazi Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengine, na tumeshaona majira ya hofu yakigeuzwa kuwa majira ya kufukuzana. Hata hasira zenye sababu halali, kama zile za ajira zilizofanya mashine za kuchuma chai zichomwe Kericho Mei 2023, hufungua nafasi kwa wanaotaka tu kupora.

Jambo la mwisho, na nakusihi. Mwizi akikamatwa senta yenu, kelele zikapigwa na watu wakaanza kuokota mawe, wewe mwenye duka ndiye ambaye sauti yake itasikilizwa, kwa kuwa mali ni yako. Waambie waache. Maiti haitataja aliyemtuma wala mahali mali ilipofichwa, na mara nyingine aliyeuawa hakuwa mwizi. Mpeleke kituoni akiwa hai.